Filta ya kanista kwa tangi la lita 400: ichague ukifikiria siku umeme unapokatika

Umeme ukikatika saa nne usiku ukarudi alfajiri, filta ya kanista, yaani mtungi wenye pampu unaokaa nje ya tangi la samaki na kusafisha maji yake, hujiwasha yenyewe kabla hujaamka, na hapo ndipo samaki wengi wanapofia. Filta yenyewe haijaharibika. Tatizo ni kwamba bakteria wanaosafisha maji ya tangi wanaishi ndani ya ule mtungi uliofungwa, kwenye lita chache za maji. Pampu ikisimama wanamaliza oksijeni kwa muda mfupi na kuanza kufa, na bakteria wasiohitaji hewa wanashika nafasi. Ukifungua mfuniko unakuta maji ya rangi ya majivu yananuka mayai viza. Pampu ikiwaka, uchafu huo wote unaingia kwa samaki ndani ya dakika ya kwanza.

Kwa hiyo yeyote anayefuga samaki kwenye tangi kubwa Arusha au Moshi aanzie hapa, kabla ya kuuliza bei. Umeme ukikatika, chomoa plagi ya filta kwanza, ili irudi kazini pale utakapotaka wewe. Ukikatika chini ya saa mbili hivi, ukirudi unachomeka tu. Ukionekana hautarudi leo, funga koki, fungua mfuniko, toa trei zenye sponji na pete za kauri wanamokaa bakteria, uzilaze kwenye beseni lenye maji ya tangi kidogo, yasizifunike. Zikibaki na unyevu huku zinapata hewa, bakteria wanafika asubuhi wakiwa hai. Kama ulikuwa umelala na filta imekaa zaidi ya saa nne imefungwa, mwaga maji yote ya kanista, suuza trei kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Kwa wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika, kama frontosa na tropheus, hatari ni kubwa zaidi. Maji wanayoyapenda yana pH (kipimo cha uasidi; namba ikipanda, asidi inapungua) karibu na 9. Amonia inayotoka kwenye kinyesi na mabaki ya chakula ina sura mbili, na ile yenye sumu kali huongezeka pH inapopanda: kwenye nyuzi joto 25, pH ikiwa 7 haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote, pH 8 ni kama asilimia 5, pH 9 inapita theluthi. Kiasi kile kile ambacho samaki wa maji yenye pH ya chini angekivumilia, tropheus hakiwezi.

Halafu kuna mwinuko. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15. Maji ya nyuzi 25 yanayoshika miligramu 8.2 za oksijeni kwa lita pale Dar, hapa yanashika kama 7. Moshi iko chini zaidi, kwa hiyo upungufu ni mdogo, lakini joto lake nalo linapunguza oksijeni. Ndiyo maana bomba lenye matundu linalorudisha maji tunashauri liwekwe usawa wa uso wa maji, liyatikise sana ili yavute hewa, lisizamishwe kwa ajili ya kupata utulivu wa kupendeza macho.

Sasa ukubwa. Tangi la sentimita 120 kwa 60 kwa 55 ni lita 396. Namba iliyoandikwa kwenye boksi, mathalani lita 1,500 kwa saa, kwa kawaida imepimwa mtungi ukiwa mtupu na bila maji kupandishwa juu. Ukishajaza sponji na pete za kauri na kuyapandisha maji kwa mpira hadi kwenye tangi, tegemea nusu hadi theluthi mbili ya hiyo. Samaki wanaokula na kuchafua sana wanataka maji yote yapite kwenye filta mara 3 kwa saa kwa uhalisia, yaani lita 1,200. Kwa hiyo tafuta jumla ya 2,000 kwenye boksi, na ni bora ziwe filta mbili za 1,000 kuliko moja ya 2,000. Moja ikikwama nyingine inafanya kazi, na unazisafisha kwa kupokezana bila kuwagusa bakteria wote kwa siku moja.

Soma kibandiko cha mota: lazima kiandike 220–240 V na 50 Hz. Filta ya mtumba kutoka Marekani ya 110 V na 60 Hz iache, hata ukipewa kifaa cha kushusha volti. Mota hizi zinazunguka kwa kufuata hertzi (Hz), yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, na kifaa hicho hakibadilishi hertzi, kwa hiyo inazunguka pole pole na kupata moto. Ukitumia inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, iwe ya kutoa wimbi safi kama la umeme wa gridi. Zile za bei rahisi huifanya mota ingurume na kuchemka. Filta moja ya wati 25 pamoja na ulaji wa inveta yenyewe ni kama wati 35. Betri ya 12 V 100 Ah, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inakupa saa 17 hivi. Kati ya zile filta mbili, moja ikiwa kwenye inveta umeshavuka usiku.

Ndani ya mtungi, angalia kwanza maji yanaingilia wapi. Nyingi yanashukia chini na kupanda juu. Basi sponji nene inakaa chini, pete za kauri za bakteria katikati, na pamba laini juu kabisa. Pamba hiyo iwe ile ya polista ya kujazia mito. Pamba ya mmea inaoza. Sponji ya godoro matundu yake ni madogo mno, inaziba haraka. Na pete za kauri kama ni ghali, huku kwetu chini ya Mlima Meru tuna mawe mekundu mepesi ya volkano, yenye matundu tele. Chagua ya sentimita 2 hadi 3, yaoshe hadi maji yawe meupe, yachemshe, yaoshe tena. Chembe moja ikifika kwenye impela, yaani panga dogo la pampu linalosukuma maji, inaikwaruza.

Usafi usiufanye kwa kalenda. Filta ikiwa mpya na safi, kinga maji yake kwenye ndoo ya lita 10 ukiwa na saa ya simu, kisha gawanya 36,000 kwa sekunde ulizopata: sekunde 36 ni lita 1,000 kwa saa. Andika sekunde hizo kwa kalamu ndani ya mlango wa kabati. Zikifika mara moja na nusu, yaani 54, mtiririko umepungua theluthi, na hapo fungua.

Chomoa filta na hita. Funga koki, tenganisha mipira, peleka mtungi bafuni. Jaza ndoo maji ya tangi na ukamue sponji humo mpaka matope yatoke. Maji ya bomba yana klorini inayoua bakteria. Pete au mawe yatikise tu. Pamba itupe.

Impela ndiyo wengi wanaisahau. Ivute taratibu, kwa sababu kijiti chake cha kauri kinavunjika kama chaki. Utakuta sumaku yake imevaa utelezi wa kahawia na ukutani mwa tundu kuna ukoko mweupe wa chokaa. Utelezi toa kwa mswaki wa zamani, ukoko loweka kwenye siki nusu saa, kisha suuza. Kelele za kugonga baada ya kuwasha mara nyingi ni hewa; inamisha mtungi huku na huku itoke. Zikiendelea siku ya pili, kijiti kimelika.

Oringi ya mfuniko, ule mpira wa mviringo unaozuia maji kuvuja, ifute pamoja na mfereji wake, kwani punje moja ya mchanga inatosha kuvujisha. Ipake grisi ya silikoni. Mafuta ya mgando yanavimbisha mpira wa aina nyingi na mfuniko hautafunga tena vizuri. Nunua oringi na impela za akiba siku ile ile unayonunua filta.

Jaza mtungi maji kabla ya kuufunga, fungua koki, subiri yatulie, washa. Weka gazeti kavu chini ya kanista, na kabla ya kulala libonyeze kwa kidole kuzunguka mtungi wote uone kama limelowa.