Uliza Ujibiwe: Seti za nyongeza za roboti, mbona zinaadimika hivi?

Toleo hili barua zimejaa za watu wa roboti za kuchezea zinazojigeuza kuwa magari na vitu vingine, Transformers na jamaa zake, na karibu zote zinazunguka kitu kimoja, zile seti za nyongeza. Kwa asiyejua, ni vipande anavyotengeneza mtu mwingine kabisa, sio kampuni yenye roboti, unamvalisha roboti wako anapata mikono mipya, kichwa kipya, saa nyingine anakuwa mhusika mwingine kabisa. Wengi mmeandika "kiti", kutoka "kit" ya Kiingereza, na mi kila nikisoma naanza kutafuta pa kukaa, kwa hiyo humu tutasema seti, tuelewane.

Nilichelewa miezi michache tu kununua seti ya deraya ya roboti wangu, sasa haipo popote na ikionekana bei imepanda mpaka inatia kizunguzungu. Kama watu wanaitaka si watengeneze nyingine? Au wanatubania makusudi? — Nimechelewa Basi

Pole sana ndugu yangu. Wa kubana makusudi wapo na siwatetei, ila mara nyingi kinachokwamisha ni kalibu. Hizi seti ndogo ndogo za resini (kimiminika kinachoganda kikawa plastiki ngumu) zinamiminwa kwenye kalibu ya silikoni, na silikoni haina maisha marefu, unamimina mara ishirini, thelathini, ukibahatika hamsini hivi, baada ya hapo inachanika kwenye kona na vipande vinaanza kutoka na vinundu. Na anayemimina mara nyingi ni mtu mmoja na meza yake, achanganye, atoe mapovu, asubiri ikauke, akate, apige msasa, apakie, aende posta. Akimaliza mzigo wa kwanza hamu yote imemwisha, we unamwandikia "kaka utarudia lini?" mwenzako hata harufu ya resini hataki kuisikia.

Zile za kiwandani, za plastiki ya ABS kama roboti mwenyewe, zina shida yake. Kalibu yake ni ya chuma, inadumu sana ila kuichonga ni hela nyingi mno, kwa hiyo mtengenezaji anakusanya oda kwanza, anapiga idadi ya oda na kaziada kidogo, basi. Kalibu inabaki stoo, lakini ili aiwashe tena mashine anahitaji oda za kutosha tena, na muda huo roboti mwenyewe keshatoka madukani, wanunuzi wapya watamvalisha nani?

Hapo ndo penye siri ya bei zote hizi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na seti ni mgeni kweli kweli, bila mwenyeji wake ni mfuko wa plastiki tu. Chukua huyu Ultra Magnus, mmoja wa roboti wa Transformers. Mdoli wake wa 1986 ulitoka kwenye Diaclone, mfululizo wa midoli ya kampuni ya Takara kule Japani, ndani ni kichwa cha lori cheupe, yani Optimus Prime, kiongozi wa hao roboti, mwenye rangi nyingine, na trela lake ndo linageuka deraya anavaa. Sasa ilipofika 2006 Hasbro, kampuni yenye Transformers, wakaleta mfululizo wa Classics, Optimus akachongwa upya, na baadaye akapakwa meupe akaitwa Magnus, deraya hakuna! Watu wakabaki na Optimus aliyepakwa chokaa. FansProject, watengenezaji wa seti za nyongeza, wakaliona hilo pengo na mwishoni mwa miaka ya 2000 wakatoa City Commander, deraya nzima ya kumvalisha yule mweupe, na mpaka leo ukikaa na wakongwe wa mchezo huu lazima itajwe maana wengi ndo seti iliyowafungua macho. Halafu 2019 Hasbro wenyewe kwenye mfululizo wa Siege wakatoa Magnus mkubwa mwenye roboti mweupe ndani na deraya yake juu, boksi moja. Kwa hiyo kabla hujatoa hela ya kizunguzungu jiulize unataka seti yenyewe, ile ya historia, au unataka tu umbo, kwa sababu kama ni umbo huenda kampuni ishakutengenezea tayari.

Tena ona hilo jina, City Commander. Boksi haliandikwi Ultra Magnus kwa sababu jina sio la kwao, na nembo za makundi hawaweki pia, stika unatafuta kivyako. Ndo maana wengi mnatafuta kwa jina la mhusika hampati kitu. Tafuta jina la seti, au namba yake, au jina la mtengenezaji.

Kuna na kundi la tatu ambalo liliumiza watu, za kuprinti kwa 3D. Wabunifu wengi walikuwa Shapeways, kampuni ya kuprinti ya mtandaoni, wanapandisha faili, we unaagiza, kampuni inaprinti na kukutumia, hakuna stoo wala kalibu, tukajidanganya kwamba hizi haziwezi kuadimika. Julai 2024 kampuni ikafilisika na maduka yote yakazimika mara moja. Ilikuja kufufuliwa na watu waliokuwa humo humo, ila mbunifu ambaye hakurudi na mafaili yake, seti yake ndo imeenda hivyo. Kama yako ilikuwa ya aina hii msake mbunifu mwenyewe, wengine wanauza faili siku hizi unaprinti popote.

Nimepata seti ya resini kwa mtu, anasema ni orijino na imekamilika. Nitajuaje sio iliyonakiliwa? — Mwenye Wasiwasi

Uko sahihi kuwa na wasiwasi. Anayenakili resini anachukua vipande vya orijino anavitengenezea kalibu upya, na resini ikikauka inasinyaa kidogo, kwa hiyo nakala inatoka ndogo kuliko mama yake. Kwa macho huoni, kwa kalipa (kile kipimo cha milimita cha kubana) unaona, na ukiivalisha unaona zaidi maana pini inacheza kwenye tundu. Angalia pia kingo, kwenye orijino ni kali, kwenye nakala zimelainika kama sabuni iliyotumika, na vitundu vya mapovu ya hewa vinakuwa sehemu za hovyo, puani, kwenye vidole.

Kuhusu kukamilika usikubali picha ya mfuko. Mwambie akupigie vipande vyote vimepangwa mezani, halafu vikiwa vimevaliwa na roboti, akiwa roboti na akiwa gari. Hii ya gari wanaikwepa sana, na seti nyingi ndo zinafelia hapo, roboti amependeza amesimama vizuri, kumgeuza sasa mlango haufungi.

Ila mimi mwenyewe feki haikunikomesha kama nilivyokomeshwa na seti halali kabisa. Muuzaji mmoja aliniuzia kichwa cha resini kizuri mno, kimepakwa rangi kwa mkono, nikakisubiri kama mtoto anayesubiri sikukuu, kimefika hakiingii. Kumbe roboti wangu ni ndugu wa yule wa kwenye tangazo, mwili ule ule ila shingo ilibadilishwa walipomtoa mara ya pili, kishikio cha duara kina ukubwa mwingine. Kichwa ninacho mpaka leo, kinaniangalia. Kwa hiyo uliza imetengenezewa toleo lipi hasa, la Hasbro au la Takara Tomy wa Japani (umbo linaweza kuwa moja lakini rangi zikatofautiana, utapata bega la buluu moja na kifua cha buluu nyingine), na kama ni wale wa kuungana kadhaa wakawa jitu moja uliza na mwaka. Mfano Perfect Effect, watengenezaji wengine wa seti, walitoa mikono na miguu ya jitu la Combiner Wars, mfululizo wa 2015, na zile zimepimwa kwa vishikio vya Combiner Wars, ukimvalisha roboti wa mfululizo mwingine usilazimishe.

Nimesukuma bunduki ya kuprinti kwenye ngumi ya roboti, pini imekatika na nusu imebaki ndani. Nifanyeje? — Mkono Mzito

Kwanza acha kuchokonoa na pini ya nguo, utatanua tundu. Kama ngumi au mkono una skrubu fungua kwa bisibisi ndogo usukume kutokea nyuma. Kama hauna skrubu, toboa kile kipande katikati kwa keekee ndogo ya mkono, taratibu, kisha zungushia skrubu nyembamba humo ndani uvute nacho kitoke.

Silaha za hawa roboti kwa kawaida ni pini ya milimita 5, na zile pini ndogo za vipande vya kuigiza milipuko na moshi ni milimita 3. Sasa resini ya printa za nyumbani ni ngumu lakini haina uvumilivu, ikipindwa inakatika kama biskuti, na ukishaipaka rangi pini imenenepa tayari. Pima kabla, ikizidi hata milimita 0.2 piga msasa wenye maji mpaka iingie bila kelele, na vaa barakoa maana vumbi la resini sio la kuvuta. Hiyo iliyokatika usiigundishe hivi hivi haitadumu wiki, toboa pande zote mbili uweke waya wa chuma katikati ndo utie supaglu.

Na wengine mlioandika kwa ufupi nawajibu hapa hapa. Kipande cha resini kilichopinda kiweke kwenye maji ya moto (sio yanayochemka), kikilegea kinyooshe halafu kwenye maji baridi. Rangi inayobanduka ni kwa sababu hukuosha, resini ya kalibu inatoka na mafuta ya kuitolea, osha kwa sabuni na mswaki wa zamani kabla ya kupaka. Na jamani vile vimiminika vya kuchafulia, vya kumfanya roboti aonekane ametumika, vinavyozimuliwa kwa thina ya rangi za mafuta, msimwagie kwenye viungio vya ABS, plastiki iliyobanwa na skrubu inapasuka yenyewe usiku mmekaa mnaangalia TV.

Seti yangu imefika ila roboti mwenyewe bado yuko njiani. Niifungue au niiache na plastiki yake, isije kushuka thamani? — Subira

Fungua. Leo leo. Hawa watengenezaji ni wadogo, kipande kikikosekana ukamwambia wiki hii anaweza kuwa nacho cha ziada, ukimwambia baada ya miezi sita keshauza mpaka vipande vyenye kasoro. Hesabu, linganisha na karatasi ya maelekezo, na hiyo karatasi ipige picha maana mara nyingi ni moja tu na haina nakala popote. Halafu rudisha vyote kwenye mfuko, na juu yake uandike jina la roboti anayesubiriwa.