Shangazi, mtoto analala na begi lake mlangoni

"Shangazi, salamu. Mimi ni mpasua mbao, naishi Njombe, nina miaka 57. Hatukujaliwa watoto. Miaka miwili iliyopita mke wangu alikwenda ustawi wa jamii, akafuata taratibu zote, akaletewa kijana wa miaka 11 kutoka makao ya watoto. Kabla yetu alishapita nyumba mbili. Mimi sikukataa, ila sikusema kitu. Mambo ya mtoto yalikuwa ya mama. Mwezi wa pili mwaka huu mke wangu alifariki ghafla. Tumebaki wawili. Anakula, analala, anakwenda shule, lakini mazungumzo hakuna. Ndugu zangu wanasema nimrudishe, mwanaume peke yake halei mtoto asiye damu yake, na wameanza kutajataja shamba la miti. Hivi karibuni binti wa dada yangu alikuja na kompyuta, akatuwekea filamu na kututafsiria. Ni ya kijana aliyepelekwa kulelewa na mzee na mkewe pembeni ya pori, kisha yule mama akafa. Kijana wangu alicheka mpaka akatokwa machozi. Usiku nikakuta amefunga nguo zake zote kwenye begi la shule, ameliweka mlangoni. Asubuhi akaniuliza, 'Mzee, utanirudisha lini?' Nikamwambia anywe chai, atachelewa shule. Sasa ni wiki ya tatu na begi bado liko mlangoni. Daftari anazibeba kwenye mfuko wa plastiki. Nimrudishe? Au nifanye nini? Mimi si mtu wa maneno."
Mzee wa Mbao, Njombe

Kaka yangu, pole sana. Pole ya kuondokewa na mwenzio, na pole ya wiki tatu za kuliruka begi hilo kila unapokwenda kulala.

Usimrudishe. Nalisema mwanzo ili usome yaliyobaki moyo ukiwa umetulia. Mtu asiyemtaka mtoto hahesabu wiki begi lilizokaa mlangoni, wala hajui daftari zinabebwa kwenye nini.

Filamu mliyoiona naijua, na naipenda mno. Ni Hunt for the Wilderpeople ya New Zealand, iliyotoka mwaka 2016, ikaongozwa na Taika Waititi. Mzee Hec amechezwa na Sam Neill, na yule kijana mnene Ricky amechezwa na Julian Dennison, aliyekuwa mtoto wa shule kwelikweli wakati huo. Kwao ilivunja rekodi ya mapato ya filamu za nyumbani. Watu waliicheka kama alivyocheka kijana wako, na wengi walitoka na leso mkononi. Turudi kidogo ndani yake, maana mtoto ameiona nyumba yenu mle, na swali alilokuuliza asubuhi limetoka humo.

Unamkumbuka Bella, yule mama? Usiku Ricky anatoroka. Anajiona amefika mbali, kumbe ni kama mita 200 tu kutoka nyumbani, usingizi ukamchukua kilimani. Asubuhi Bella anamkuta pale. Hamfokei, wala hamwulizi kwa nini hana shukrani. Anamwambia aje ale kwanza, akishashiba, kama bado anataka kutoroka, atoroke. Na kitandani anamwekea chupa ya mpira yenye maji ya moto. Ninyi wa Njombe mnaijua baridi ya mwezi wa sita na wa saba, hamhitaji kuelezwa maana ya kuingia kwenye shuka ukakuta kuna joto linakusubiri. Mtoto aliyezungushwa nyumba hadi nyumba kama mzigo usio na mwenyewe anaelewa hapohapo kwamba kuna mtu alimfikiria kabla hajafika.

Nadhani mkeo alikuwa Bella wa nyumba yako. Na wewe, kaka, ulikuwa Hec.

Hec si mtu mbaya. Ni mtu wa pori, anajua mbwa na bunduki na njia za msituni. Ricky anapomwita anko, anakataa, hataki kuitwa hivyo. Bella anapokufa, barua inakuja kwamba mtoto atachukuliwa, na Hec hapingi. Yeye anapanga kwenda zake porini na uchungu wake. Hakumfukuza mtoto kwa fimbo. Alinyamaza, na Ricky akausikia ule ukimya kama hukumu. Ndiyo maana akakimbilia msituni na mbwa wake, kabla hajaja mtu kumchukua.

Kijana wako ameuliza, "Utanirudisha lini?" Angalia neno alilotumia. Hakuuliza kama utamrudisha, ameuliza siku. Ulipomwambia anywe chai, wewe ulikuwa unakwepa uchungu, yeye amesikia: siku bado, lakini ipo. Ndiyo sababu begi halijaondoka. Anajiandaa ili safari hii asikurupushwe.

Najua ninachokisema. Mimi nililelewa nyumba tatu kabla sijamaliza darasa la sita. Nilikuwa na kisanduku cha bati, na kila nyumba niliyofika kiliwekwa chini ya kitanda cha mtu mwingine. Nguo yangu haikutoka humo ila siku ya kuivaa. Nyumba ya tatu ilikuwa ya mama mdogo. Mumewe alikuwa mzee mkimya ajabu. Jioni moja aliingia chumbani na nyundo na msumari wa nchi tatu. Akanitazama begani, kama fundi anayepima kwa macho, akaupiga msumari ukutani kwa kimo changu. Si kimo chake, changu. Akasema, "Wa sare yako," akatoka. Ule msumari naweza kukuchorea hadi leo: ulipinda kidogo kwa juu, na chokaa ilibanduka ukauzunguka mviringo mweupe. Usiku ule nililala bila kuzihesabu nguo zangu.

Kaka, wewe ni mtu wa mbao. Umewapasulia watu mbao za vitanda na makabati mji mzima, na kijana aliye chini ya paa lako anaweka nguo kwenye begi la shule. Mtengenezee kabati. Lisiwe kubwa, milango miwili na rafu tatu zinatosha. Ila tafadhali usimletee likiwa tayari limepigwa vanishi. Jumamosi mwite karakana, mpe futi ashike upande mmoja, mwache apime, akosee, apime tena. Mpe msasa asugue. Watu wawili wakishika ubao mmoja hawatazamani usoni, na hapo ndipo maneno hutoka bila kusukumwa. Kwenye filamu ile si hotuba iliyowapatanisha wale wawili. Hec alivunjika mguu, wakakwama msituni wiki kadhaa, ikawalazimu kutafuta chakula pamoja na kuota moto mmoja.

Jambo la pili, nenda naye kaburini. Umeniandikia kwamba mkeo amefariki na mmebaki wawili, lakini katika barua nzima hukuniambia mtoto aliupokeaje msiba. Alitupa udongo? Au alisogezwa nyuma na watoto wengine wakati wakubwa wanazika? Huyu amefiwa na mama, kaka. Pengine ndiye mama wa kwanza aliyedumu naye miaka miwili. Ricky na Hec walikwenda pamoja kwenye maporomoko ya maji wakamwaga majivu ya Bella, wote wawili wakiwa wafiwa, hakuna mfiwa mkubwa na mdogo. Ninyi chukueni jembe mkapalilie pale alipolala, na mpande ua alilolipenda. Akilia, usimwambie yeye ni mwanaume. Nawe ukilia, usijifiche nyuma ya mti.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho nakuomba sana usikiige kwenye filamu ile. Mle ndani mtu wa ustawi wa jamii anamwinda mtoto kama jambazi, polisi na wawindaji nyuma yake, mpaka magari yanafukuzana nyikani. Kwenye filamu inachekesha. Wewe usimkimbie mtu wa ustawi, mtangulie. Malezi ya kambo yamo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mtoto aliletwa kwenu kwa karatasi. Mmoja wa walioaminiwa kwenye karatasi hizo amefariki, kwa hiyo lazima ofisi ijue, na ni heri iambiwe na wewe kabla haijaambiwa na ndugu zako. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako wiki hii. Beba cheti cha kifo, barua mlizopewa mlipokabidhiwa mtoto, na ripoti yake ya shule. Mwombe mwenyekiti wa mtaa akusindikize, maana ndiye anayekuona kila siku. Watauliza nani mwingine yupo nyumbani, nani atabaki na mtoto unapolala msituni kwenye kazi. Uwe na jibu la kweli. Yule binti wa dada yako, kwa mfano, au dada yako mwenyewe; zungumza nao kabla hujakwenda. Wakisema watakuja kuiona nyumba, wakaribishe. Na mtoto asikilizwe pia. Sheria hiyohiyo inampa haki ya kutoa maoni yake, naye ana umri wa kujua anataka kulala wapi.

Ndugu zako nitawagusa kidogo tu, kwa sababu nadhani unaijua nia yao. Wametaja damu, kisha wakataja shamba. Hayo ni mazungumzo mawili, yatenganishe. Waambie malezi ya kambo ni kitu kimoja na kuasili mtoto ni kitu kingine, na kuasili kunaamuliwa na Mahakama Kuu, si kwa wewe kumpikia mtoto uji. Huko mbele ukitaka kumwasili, utamwuliza afisa na mwanasheria, na mambo ya shamba utayaandika ukiwa mzima. Kuhusu damu, wakumbushe ni wangapi kati yenu mliokulia kwa bibi, kwa shangazi, kwa mwalimu. Wamaori wa New Zealand, ambako filamu ile imetoka, wana desturi ya kumlea mtoto aliyezaliwa na mwingine, wanaiita whāngai, na neno lenyewe lina maana ya kulisha. Wewe umemlisha mtoto huyu miaka miwili.

Nimebakiza lile ulilomalizia, kwamba wewe si mtu wa maneno. Hec naye hakuwa. Hakujua hata kusoma. Ricky ndiye mwenye vishairi vyake vya Kijapani vya mistari mitatu, alivyofundishwa ili aweze kutoa yaliyomo moyoni. Na mwishoni, baada ya jela, Hec amejifunza kusoma, anamtolea kijana kishairi alichokitunga mwenyewe kuhusu safari yao. Mistari mitatu, basi. Ningekuwa karibu nawe ningekuomba uirudie sehemu ile peke yako, usiku, bila mtu wa kukutafsiria. Mtazame tu usoni anavyoitamka.

Nawe tunga mitatu. Sikuandikii mimi, maana mtoto atajua si yako, ila nakupa mambo ya kuweka: kwamba hutamrudisha, kwamba kesho unakwenda ofisini kuweka karatasi sawa, na yakitokea ya kutokea atayasikia kwako kwanza, na kwamba unataka akae, wewe mwenyewe, si kwa sababu mama alitaka. Hilo la tatu ndilo zito, na ndilo analolisubiri. Usimwahidi kwamba ofisi itakubali kila kitu, maana huna mamlaka nalo, na huyu ameshaahidiwa vya kutosha. Mwahidi kilicho mikononi mwako.

Halafu mwulize anataka kukuitaje. "Mzee" ni jina la mtu yeyote kijiweni. Akisema baba, au baba mkubwa, au anko kama Ricky, itikia.

Fanya asubuhi, chai ikiwa mezani, kwa sababu pale ndipo alipouliza na pale ndipo ulipomwacha. Achelewe shule siku moja. Mwandikie mwalimu kibarua. Begi usiliguse. Akilitoa mlangoni mwenyewe, niandikie siku hiyohiyo, hata kama ni mstari mmoja.

Shangazi yako