Meli Wajina na Aibu Niliyoipata Kondoa

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa binti anayesoma historia hapa Dodoma. Anauliza inakuwaje meli iitwayo Glasgow izamishwe bandarini Unguja tarehe 27 Agosti 1896, kisha ionekane ikipigana na Wajerumani karibu na Chile mwaka 1914. Ujumbe huo ulinitonesha kidonda.

Nimjibu kwanza. Glasgow ya Unguja ilikuwa meli ya Sultani. Sayyid Barghash aliagiza ijengwe Uskoti, ikashushwa majini mwaka 1878, kwa kufuata mfano wa manowari ya Kiingereza yenye jina hilo iliyowahi kufika Unguja. Ile ya Chile ni nyingine kabisa, iliyoshushwa mwaka 1909. Jina ni moja, meli ni tatu.

Sasa yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliandika makala ndefu kuhusu vita vya Kondoa Irangi vya Mei 1916, ambapo Wajerumani waliwapiga askari wa Jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza, kwa mizinga iliyotolewa katika manowari Königsberg. Habari hiyo ilinipa fahari isiyo kifani, kwani ni wangapi kati yetu wa nchi kavu wanaojua kwamba mizinga ya baharini ililia katika ardhi yetu? Niliisoma makala mbele ya hadhara Kondoa kwenyewe, nikataja kipenyo cha mizinga kuwa sentimeta 15, na nikaeleza kwamba manowari hiyo ilianza kazi Agosti 1916.

Mwalimu mstaafu aliyeketi mstari wa mbele aliomba nakala yangu. Akaiweka juu ya goti, akaweka kidole kimoja kwenye neno Agosti na kingine kwenye neno Mei, yote yakiwa katika ukurasa mmoja, akasema kwa upole: “Mwanangu, meli ambayo haijaanza kazi ilituletea vipi mizinga?” Sikuwa na jibu. Watu walicheka, na kicheko kile bado nakisikia.

Nilikuwa nimechanganya kumbukumbu za meli wajina. Königsberg yetu ilishushwa majini mwaka 1905, ikaizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, na ikaangamia katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake kumi, ya sentimeta 10.5, iliopolewa ikatumika nchi kavu. Desemba ya mwaka huo huo Wajerumani walishusha Königsberg ya pili, na mizinga ya sentimeta 15 ni ya hiyo. Ipo na ya tatu, iliyozamishwa Bergen, Norwei, mwezi Aprili 1940. Mimi nilitafuta jina, nikapata jina, nikaridhika.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaotamani kuandika historia yetu, msiliamini jina la meli peke yake. Kando ya jina andikeni mwaka ilioshushwa majini, kisha mahali ilipoishia, na tarehe zisipopatana simameni hapo hapo. Nasema tena: mwaka wa kushushwa majini. Hata majina yanayokaribiana hudanganya, kwani Hermann von Wissmann ilikuwa Ziwa Nyasa na Hedwig von Wissmann ilikuwa Ziwa Tanganyika, na nimeona watu wakizifanya meli moja. Anayeharakisha kuchapisha kabla ya kulinganisha tarehe anawadhulumu wasomaji wake, na anawadhulumu zaidi wazee waliorithi masimulizi hayo kwa baba zao.

Makala niliyoisahihisha nilimpelekea yule mwalimu nyumbani kwake. Aliisoma yote, polepole, kisha akaniuliza mizinga hiyo iko wapi leo. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus. Binti, ukijaliwa kufika huko, chukua futi kamba upime mdomo wa ule wa Königsberg: utapata sentimeta 10.5.