Marathoni ya Kwanza Ukiwa Moshi: Jiandalie Nusu ya Pili

Wengi wanaojiandikisha Kilimanjaro Marathon kwa mara ya kwanza huwaza jambo moja tu: je, nitazimaliza kilomita 42.195? Heri uwaze miguu yako itakuwa katika hali gani ukifika kilomita ya 21. Njia iliyozoeleka huanza kwa tambarare. Mnatoka Chuo Kikuu cha Ushirika, mnashika barabara ya kwenda Dar es Salaam, mnageuka na kurudi mjini. Nusu ya mbio inakuwa imeisha, na hapo ndipo mnapoanza kupanda kuelekea Mweka. Kutoka kama mita 830 juu ya usawa wa bahari mnafika karibu mita 1,150, jua limeshapanda, kisha takriban kilomita 10 za mwisho ni mteremko. Anayezidiwa kule Mweka mara nyingi alijimaliza mapema kwenye lami tambarare, alipokwenda mbio kwa kuwa mwili ulikuwa mwepesi na watu wanashangilia.

Kwa hiyo mpango wote wa mazoezi ulenge kitu kimoja: kufika nusu ya njia ukiwa bado na miguu.

Mbio hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Anayeanza anahitaji wiki 18, maana yake uwe umeanza katika nusu ya pili ya Oktoba. Kabla ya hapo uwe tayari unaweza kukimbia kilomita 5 mara tatu kwa wiki bila kuumia popote. Kama bado, tumia mwezi mmoja au miwili kujenga hilo kwanza. Kimbia dakika 3, tembea dakika 1, rudia. Kuruka hatua hii ndiko kunakowatoa watu mazoezini kabla ya Krismasi.

Siku nne kwa wiki zinatosha. Jumanne mbio nyepesi za kilomita 6 hadi 10, Alhamisi milima, Ijumaa kilomita 5 za taratibu kabisa, Jumapili mbio ndefu. Jumapili hizo zipangwe hivi kwa kilomita, wiki kwa wiki: 10, 12, 14, 11, kisha 16, 18, 20, 15, kisha 22, 24, 26, 18, kisha 28, 30, 32, halafu unashuka, 20, 12, na wiki ya 18 ni mbio zenyewe. Angalia zile wiki za kilomita 11, 15 na 18. Usizione ni wiki za kupoteza. Moyo na mapafu huzoea haraka, lakini mifupa na kano huchelewa sana, na bila wiki za kupungua maumivu huanza chinichini mpaka siku moja huwezi kushuka ngazi. Kilomita 32 zinakaa wiki tatu kabla ya mbio kwa makusudi, ili mwili upate muda wa kujijenga. Kama mwendo wako ni wa polepole na muda wa saa 3 na nusu umetimia kabla hujazifikisha, simama hapo hapo. Zaidi ya hapo unavuna uchovu kuliko faida.

Mwendo wa mbio ndefu upimwe kwa maneno. Uweze kumsimulia mwenzako jambo zima, sentensi baada ya sentensi, bila kukatika pumzi. Ukibaki na majibu ya neno mojamoja, punguza. Wengi huona aibu kwenda dakika 7 na nusu au 8 kwa kilomita, hasa wakipitwa na kikundi kingine cha jogingi. Hakuna aibu yoyote. Ukienda polepole mwili unajifunza kuchoma mafuta na kuitunza sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini. Sukari hiyo haitoshi marathoni nzima. Ukiitumia ovyo mwanzoni itakwisha kati ya kilomita 30 na 35, miguu inakuwa mizito ghafla na kichwa kinapoteza hesabu.

Milima ianze wiki ya tano. Tafuta mwinuko unaoupanda kwa sekunde 60 hadi 90. Panda mara 4 kwa hatua fupi, macho yakiangalia mbele mita kama 15, kisha shuka ukitembea. Ongeza hadi mara 8 au 10. Wakazi wa Arusha, Mbeya na Iringa hawana shida ya milima. Dar es Salaam itabidi uifuate: Mlimani kuzunguka Chuo Kikuu, Kimara, au Pugu na Kisarawe. Kuanzia wiki ya kumi badilisha sura ya Jumapili: nusu ya kwanza tambarare, nusu ya pili mlimani, umalizie kwa kushuka. Kushuka nako kunahitaji mazoezi. Kila hatua ya mteremko misuli ya mbele ya paja hubeba uzito huku ikivutwa, na kama haijazoea, kilomita 10 za mwisho ambazo ulidhani ni zawadi zitakuwa mbaya kuliko kupanda. Shuka kwa hatua fupi za haraka, magoti yamekunjwa kidogo, usijirushe na kutua kwa kisigino mbele ya mwili.

Viatu. Vingi tunavinunua mitumba, na huko vipo vizuri, lakini soli ya chini isiyolika haithibitishi chochote. Bonyeza kwa dole gumba lile sponji la katikati: likiwa gumu kama mti, kiatu kimekwisha hata kama kinang'aa. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande mmoja, kiache. Kikunje: kipindie penye vidole, siyo katikati. Pima jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na ubaki na nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu. Bila nafasi hiyo utashuka kutoka Mweka na kucha nyeusi. Siku ya mbio vaa kiatu ambacho kimeshakimbia kilomita 60 hadi 100.

Dar, Tanga na Zanzibar miezi ya Desemba hadi Februari ni ya joto kali. Mbio ndefu ianze saa 10 au 11 alfajiri, mkiwa kikundi, na taa, na nguo zenye kuakisi mwanga. Kimbieni upande wa kulia wa barabara ili muyaone magari yanayokuja. Maji yasiwe ya kukisia: jipime uzito kabla na baada ya kukimbia. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya jasho, ukijumlisha na ulichokunywa njiani. Wengi huhitaji mililita 400 hadi 800 kwa saa. Ukirudi umeongezeka uzito, umekunywa kupita kiasi, na hilo ni la hatari: chumvi ya damu huzimuka, kichwa huuma, tumbo huchafuka, na mtu anaweza kuzirai akidhaniwa amepungukiwa maji. Katika mbio za zaidi ya muda wa saa mbili, chupa moja iwe na ORS, iliyochanganywa kwa kipimo cha kwenye pakiti.

Chakula cha njiani ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu moja ya wastani ina kama gramu 25, na tende nne ndogo zinakaribiana nayo. Anza kula dakika ya 40, kabla hujasikia njaa, na ujaribu yote hayo mazoezini. Asubuhi ya mbio kula muda wa saa mbili na nusu kabla: viazi vitamu vya kuchemsha, au mkate na asali. Maharage, maziwa na chapati ya mafuta mengi viache siku hiyo.

Maumivu ya ugoko ndiyo malalamiko ya kwanza ya wanaoanza. Pitisha kidole kwenye ukingo wa mfupa. Maumivu yakitanda eneo refu na kupungua ukipasha mwili moto, punguza kilomita kwa nusu kwa wiki moja au mbili. Yakiwa sehemu moja ndogo, kama ukubwa wa sarafu, na yanachoma ukirukaruka kwa mguu mmoja, acha kukimbia na umwone daktari, kwa sababu huenda mfupa umeanza kupata ufa. Ukiwa na homa usikimbie, kapime malaria. Tena tunawasihi: msimeze diklofenaki au ibuprofeni ili kuzima maumivu kabla ya mbio. Ukiwa umepungukiwa maji, dawa hizo huziumiza figo.

Siku yenyewe, kilomita 10 za kwanza ziende polepole kuliko mwendo unaoutamani, kwa sekunde 15 hadi 20 kila kilomita. Hata mabingwa huibakiza nguvu: Mkenya Kelvin Kiptum alipomaliza marathoni ya Chicago kwa muda wa saa 2:00:35 mwaka 2023, nusu ya kwanza alitumia dakika 60 na sekunde 48, ya pili 59 na sekunde 47. Moshi nusu yako ya pili itachelewa kwa sababu ya mlima, na ni sawa. Ukifika mwinuko mkali, tembea haraka kwa dakika moja kila baada ya dakika nne au tano za kukimbia, kabla hujalazimika. Kunywa kituo cha mwisho kabla ya kuanza kushuka, kisha fupisha hatua. Ukivuka mstari usikae chini: tembea dakika 10 hadi 15 ukinywa kidogo kidogo, kula ndani ya saa moja, na wiki nzima inayofuata iwe ya kutembea tu.