Moyo kulegea baada ya msiba: usianzie kwenye kurithi

Msomaji wa Igoma, hapa Mwanza, kaniandikia wiki hii. Mama yake, miaka 61, alibanwa kifua matangani. Alipopigwa picha, mishipa ya moyo ikaonekana haijaziba ila misuli imelegea. Swali lake: "Sisi mabinti tutarithi?"

Ugonjwa wenyewe ni takotsubo. Wajapani waliueleza mwaka 1990 wakauita jina la chungu cha kunasia pweza. Sisi wa ziwani pweza hatuna, kwa hiyo fikiria mtungi wa maji: adrenalini, homoni ya mshtuko, inapofurika, ncha ya chumba cha kushoto cha moyo hutuna kama kitako cha mtungi na kuacha kusukuma damu, huku juu pakibana kama shingo. Wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, wengi wameshakoma hedhi.

Kurithi? Familia chache tu zimeonekana kuwa na zaidi ya mgonjwa mmoja. Jeni za vipokezi vya adrenalini zimechunguzwa na majibu yanapingana. Hakuna jeni ya kupima. Hela hiyo peleka kwenye eko, yaani ultrasound ya moyo.

Ila waulize wazee wa ukoo: nani alikufa ghafla kabla ya miaka 50? Nani alivimba miguu na kukosa pumzi baada ya kujifungua? Huo wa uzazi ni ugonjwa mwingine, na kiasi cha asilimia 15 ya wanaoupata wana hitilafu ya jeni, mara nyingi ile ya titini, protini ya misuli ya moyo. Ukoo wa namna hiyo, ndugu wapimwe eko hata kama hawaumwi.

Kinachoniudhi ni hiki: mama anabanwa kifua pale soko la Mwaloni, anapewa maji ya sukari na dawa ya vidonda vya tumbo, anaambiwa ni mawazo. Kwa dalili pekee hakuna awezaye kutofautisha takotsubo na mshipa ulioziba, hata daktari bingwa. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ifanyike ndani ya dakika 10 za kufika hospitali. Troponini, kipimo cha damu kinachoonyesha misuli ya moyo imeumia, ipimwe mara mbili, maana ukiwahi sana ya kwanza hutoka safi. Kisha eko. Ukiambiwa "nenda kapumzike" kabla ya hapo, usiondoke.

Eko irudiwe wiki ya 4 hadi ya 8. Moyo wa takotsubo kwa kawaida hurudi kwenye nguvu zake. Moyo usiporudi, daktari atafute ugonjwa mwingine. Wengi huharibu hapa: uvimbe wa miguu ukinywea, wanaacha dawa. Uliza pia kama kuna damu iliyoganda kwenye ncha, kwa sababu damu inapotuama pale huganda, na bonge likichomoka huenda kwenye ubongo. Mwenye pumu asiache pampu yake, ila aseme anaivuta mara ngapi kwa siku, maana dawa zake nyingine huusukuma moyo kama adrenalini.

Karatasi ya ECG ya kwanza itoe kopi, maana michoro yake hufifia, uiweke na kadi ya kliniki. Siku kifua kikibana tena, daktari wa zamu atakuwa na cha kulinganishia.