Usiulize kama katalogi ni nzuri, mpe mtu kitabu akitafute

Muulize mtu wa Dar kama katalogi ya maktaba yako, yaani ule ukurasa wa kutafutia vitabu mtandaoni, inafaa. Atakujibu, "Nzuri tu, haina shida." Hiyo ni adabu, wala si taarifa ya kufanyia kazi. Mimi kwenye majaribio niliyosimamia katika maktaba za vyuo hapa jijini siombi maoni. Natoa kazi, nakaa kando, nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, maana mkutubi akiona mtu amekwama, mkono unamwasha.

Kazi yenyewe itoe kwa maneno ya mtumiaji. Ukisema "tafuta kwa jina la mwandishi" umeshamwonyesha pa kubofya. Sema hivi: "Mwalimu anataka msome kitabu cha Shaaban Robert kabla ya Ijumaa. Kipo hapa?" Kisha nakili anachoandika, herufi kwa herufi. Utaona Shaban, utaona Shabani, na mwingine ataandika swali zima kama anavyoandika Google. Ukurasa ukisema hakuna matokeo, wengi hawajaribu tena. Wanaamini kitabu hakipo, wanaondoka, nacho kipo rafuni. Kwangu daftari hilo la makosa ya tahajia lina thamani kuliko dodoso lolote, kwa sababu linakuonyesha tahajia zipi uongeze kwenye rekodi ya mwandishi. Koha, programu ya kuendeshea maktaba na katalogi yake ambayo vyuo vingi hutumia, ni programu huria. Mengi ya haya utayarekebisha bila kusubiri leseni ya mtu.

Idadi ya watu isikutishe. Mwaka 2000 Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia tovuti, aliandika kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo. Kipande kinachosahaulika ni kwamba alikuwa akizungumzia watumiaji wanaofanana. Makundi yakitofautiana sana, chukua watatu au wanne kila kundi. Wanafunzi watano wa kompyuta hawamwakilishi mhadhiri anayekaribia kustaafu.

Huyo mhadhiri, baada ya shikamoo, mwambie wazi: "Mwalimu, tunaipima katalogi, hatukupimi wewe." Bila hivyo ataona haya kubahatisha mbele ya kijana, na utakachopima ni ile haya.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atumie simu yake mwenyewe na bando lake (mrudishie, tafadhali), asikalishwe kwenye kompyuta ya ofisini yenye kioo kikubwa. Asiyeona naye atumie programu ya kusoma skrini aliyoizoea. NVDA, kwa mfano, ni ya bure. Sikiliza pamoja naye: picha isiyo na maelezo na kitufe kisicho na jina vinajitangaza vyenyewe, "kitufe, kitufe, kitufe", na hapo hajakifikia hata kisanduku cha kutafutia.

Jaribio lisiishie kwenye skrini. Mwache aende rafuni. Wapo wanaoipata rekodi vizuri kabisa, wakaiona namba ya rafu, 896.392, pembeni, wakadhani ni namba ya mfumo tu, kumbe ndiyo njia ya kwenda kwenye fasihi ya Kiswahili. Kama maktaba ina ghorofa, andika na ghorofa kwenye rekodi.

Ukisharekebisha, pima tena kwa watu wapya. Wale wa mwanzo wameshajifunza njia za panya.