Jibu: Wasomaji wanasema mazingira ya hadithi yangu hayaonekani

Mkuu, unauliza kwa nini watu hawaioni Kariakoo yako ya Dar wakati umeandika paragrafu nzima ya maghorofa na umati wa watu. Tatizo ndo hiyo paragrafu yenyewe, umepiga picha kwa juu halafu mhusika wako hayumo.

Mi ningeanza naye Kigamboni asubuhi kabla hajafika Kariakoo, geti la pantoni, kile kivuko cha kwenda mjini, bado limefungwa, watu wamebanana hadi anahisi pumzi ya mtu shingoni, pembeni muuza kahawa anagonga vikombe, kah kah kah, na yeye ameikumbatia pochi mbele kama mtoto. Hapo hujaandika neno "umati" hata mara moja na tunauona. Halafu mpe jicho lake bwana, aliyechelewa kazini anaangalia saa tu, kibaka kwenye foleni hiyo hiyo anaangalia zipu za watu.

Mvua nayo isiwe pambo. Masika Mto Msimbazi ukijaa, pale Jangwani katikati ya Magomeni na Upanga hapapitiki, basi mkwamishe mshenga na barua ya posa upande wa Magomeni, wakwe wanasubiri Upanga pilau linapoa.

Na cheki facts zako, mi nilishawahi kuandika jua linazama baharini pale Coco Beach, msomaji mmoja akaniuliza we umekulia Dar ipi, maana pale bahari iko mashariki, jua linazamia mgongoni kwako kule nchi kavu. Niliona aibu wiki nzima.

Tupia hapa hiyo paragrafu ya kwanza tuione.